Kisigino Hung'aa Kabla ya Nta: Zana za Kumalizia Visigino vya Ngozi

Mteja akikabidhiwa kiatu kipya hutazama pua, kisha hukigeuza nyuma, na hapo ndipo anapomjua fundi. Ngozi ya juu uliinunua ikiwa imeshang'arishwa kiwandani, na soli pengine ulikatiwa dukani, lakini kisigino cha matabaka ya ngozi hujengwa, huchongwa na kumaliziwa mezani kwako. Mkwaruzo uliobaki pale hauna wa kusingiziwa.

Mafundi wengi wakiona kisigino kimefubaa hukimbilia kopo: rangi nzito zaidi, dawa ya viatu zaidi, wengine hata vanishi ya mbao. Siku ya kwanza kinang'aa. Baada ya wiki ya kukanyaga vumbi na madimbwi vanishi inapasuka, inabanduka magamba, na chini yake inatokeza mikwaruzo ileile ya tupa. Mng'ao wa kisigino cha ngozi hutoka kwenye ngozi yenyewe. Nyuzi zake zikikatwa vizuri, zikalainishwa, kisha zikalazwa kwa unyevu, msuguano na joto, uso unakazana na kuwa laini kiasi cha kurudisha mwanga. Nta huja mwisho, kuulinda uso huo na kuukoleza. Kwa hiyo kama fedha ya zana ni kidogo, itie kwanza kwenye vitu vinavyokata na kusugua. Chupa na makopo yatafuata.

Jua kwanza unachokisugua

Visigino vinavyofika mezani si vya aina moja, na zana inayokifaa kimoja hukiharibu kingine. Dondosha tone la maji ubavuni mwa kisigino. Ngozi hulinywa taratibu na kuacha doa lililokoza kidogo. Plastiki hulikataa kabisa. Bodi la ngozi, yaani mabaki ya ngozi yaliyosagwa, yakagandishwa na kushindiliwa kuwa karatasi nene, hulinywa upesi na kuvimba. Viwanda hulipenda bodi hili kwa sababu ni rahisi na unene wake haubadiliki. Nawe unaweza kulitumia, ila lisugue likiwa kavu na ulifunike kwa nta mapema, kwa sababu ukililowesha litaota manyoya ambayo hakuna msasa utakaoyamaliza.

Hata ngozi halisi zinatofautiana. Ngozi ya soli iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama haya ya miwati inayopandwa Njombe, ni ngumu, hushika umbo, na ukiisugua ikiwa na unyevunyevu hulala na kukoza rangi bila kupakwa kitu. Ngozi ya kromu ni ile laini ya mikoba na ngozi za juu; ukiikata, mara nyingi katikati ya unene wake utaona rangi ya kijivu au ya samawati iliyopauka. Hiyo ukiisugua mpaka jioni itabaki na manyoya. Usiijengee kisigino unachotaka kionekane.

Kisigino cha plastiki cha viatu vya kike kina sheria yake. Plastiki ya ABS, inayotumika sana kwa kazi hii, hulegea joto likikaribia nyuzi 100, na gurudumu la kusugulia hufikisha joto hilo kwa muda mfupi sana. Mkwaruzo wa plastiki uondoe kwa mkono, kwa msasa wa maji namba 600, kisha pulizia rangi. Kilichovikwa ngozi nyembamba kifute tu kwa kitambaa. Mpira, ukiwemo ule wa matairi wa makubazi na akala, ukate kwa kisu kilicholoweshwa maji ili kiteleze, usawazishe kwa msasa namba 60 au 80, uishie hapo. Mpira ukipata joto hunata na kuchafua kila kinachougusa, na tairi nyingi za magari zina nyaya za chuma ndani ambazo zitakula msasa wako na vidole vyako.

Yote yanayofuata yanahusu kisigino cha matabaka ya ngozi iliyosindikwa kwa magome.

Kisu, tupa na kipande cha kioo

Kabla ya chuma chochote kugusa kisigino, tafuta misumari. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ipitishe ubavuni polepole, na kila inapovuta tia alama ya penseli. Misumari ya shaba nyeupe haivutwi na sumaku, kwa hiyo hiyo itafute kwa macho. Zamisha vichwa vyote kwa kipigio, angalau milimita 2 ndani. Msumari mmoja uliojitokeza unatosha kung'oa meno ya tupa, na kwenye mashine ya kuchongea unavunja ubapa wa kisu na kuurusha usikojua.

Tazama pia mistari ya gundi kati ya tabaka na tabaka. Kama ni minene, kazi imeshaharibika kabla hujaanza, kwa sababu gundi hainywi rangi, na ikipata joto la kusugua hulegea na kujipaka juu ya ngozi kama uchafu wa kahawia. Dawa yake iko nyuma, wakati wa kujenga: paka gundi nyembamba pande zote mbili, ngoja mpaka isishike kidole, bandika, kisha gonga kwa nyundo kuanzia katikati kuelekea pembeni.

Kisu kiwe kikali kiasi cha kukata karatasi ya gazeti bila kuichana. Kifute mara kwa mara kwenye kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kunolea, kwani kisu butu hakikati matabaka, kinayasukuma yaachane. Punguza umbo kwa kisu lakini ubakize milimita moja au mbili kwa ajili ya tupa. Kisigino cha kawaida cha kiatu cha kiume kina kimo cha takriban milimita 25, na kwa kimo hicho ubavu unapendeza ukiteremka huku ukiingia ndani kidogo, hata kipande cha kukanyagia kikawa kidogo kuliko sehemu ya juu kwa milimita 2 au 3. Kata kiolezo cha karatasi ya manila, upime visigino vyote viwili kwa kiolezo hicho hicho. Ukipima kisigino cha kulia kwa kukilinganisha na cha kushoto, kosa la kimoja linahamia kwa mwenzake na kuongezeka.

Kwenye tupa, usinunue seti. Inatosha moja yenye nyuso nne, bapa upande mmoja na ya mviringo upande wa pili, kila upande ukiwa na meno makubwa nusu na madogo nusu. Tupa hukata ikisukumwa mbele tu. Anayeisugua huku na huku anayaua meno bure. Ikijaa ngozi, isafishe kwa brashi ya waya. Sehemu ya hatari ni pale juu, kisigino kinapokutana na ngozi ya juu, kwa sababu mpigo mmoja ulioteleza unachana kiatu kilichokwisha. Kata ukanda mwembamba wa bati kutoka kwenye kopo la maziwa, laini kingo zake, uukunje kufuata mviringo wa kisigino na uushikilie kati ya tupa na ngozi ya juu. Viwandani mashine huwa na kinga ya aina hiyo mbele ya visu. Wewe utakuwa umeipata kwa bei ya kopo tupu.

Baada ya tupa wengi hurukia msasa. Mimi ningekushauri upitie kioo kwanza. Kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika kwa kishindo kimoja kina ukingo mkali kuliko kisu chochote, na mara nyingi ukingo huo una mbetuko mdogo unaokaa vizuri kwenye mviringo wa kisigino. Kifunge upande wa kushikia kwa ngozi nene, kiinamishe kidogo kuelekea unakovuta, kisha vuta kwa wepesi kufuata matabaka. Kikikata vizuri hutoa vinyweleo vyembamba vya ngozi vinavyojikunja, na chini yake uso unabaki laini, bila ile mifereji ya tupa. Kikianza kutoa unga badala ya vinyweleo, kimechoka, vunja kingine. Washona viatu wa zamani wa Ulaya walifanya hivi miaka na miaka, na hakuna zana nyingine ya bei hiyo inayookoa msasa namna hii. Kama kioo kinakutia wasiwasi, kipande cha msumeno wa zamani kilichonolewa wima kinafanya kazi ileile, ila kinataka mkono wenye mazoea. Vaa miwani ya kinga wakati wa kuvunja kioo, na mabaki yake yakae kwenye kopo lenye kifuniko. Mtoto wa jirani atapita karakanani siku moja.

Msasa ndio unaoamua

Hapa ndipo mwenye haraka anapoharibu. Msasa namba 80 unaondoa alama za tupa au kioo. Namba 120 unaondoa alama za namba 80. Kisha 180, 240 na 320. Ukiruka kutoka 80 kwenda 320 utasugua mara tatu zaidi na mifereji itabaki. Utaiona rangi ikishaingia, kwa sababu rangi hujikusanya ndani ya mifereji na kuichora wazi.

Ili kujua umemaliza hatua, tumia penseli. Chora mistari ya ovyo kuzunguka kisigino chote, kisha sugua. Mistari ikifutika kote kwa pamoja, uso uko sawa. Penye mstari uliobaki pana bonde, kwa hiyo rudi kwenye msasa wa meno makubwa zaidi, usilazimishe. Chora upya kila unapobadilisha msasa. Halafu zima taa ya juu, washa tochi ya simu na uiweke pembeni, mwanga upite ukiambaa juu ya ngozi. Mikwaruzo ambayo mwanga wa juu huificha yote inajitokeza kwa kivuli chake.

Ubavu wa mviringo unasuguliwa kwa ukanda wa msasa uliobandikwa nyuma ya kipande cha mpira laini au blanketi la zamani, uvutwe huku na huku kufuata matabaka. Lakini kifua cha kisigino, yaani upande wa mbele unaotazama katikati ya soli, kinataka ubao ulionyooka nyuma ya msasa. Ukikisugua kwa kidole kinazunguka pembeni, na kifua kilichozunguka kinakipa kiatu kipya sura ya kiatu kilichovaliwa. Vivyo hivyo kwa ukingo wa chini wa kipande cha kukanyagia: uache mkali mpaka mwisho, ndipo uuvunje kwa pitio moja au mawili ya namba 320.

Kabla ya namba ya mwisho, lowesha kisigino kwa sponji iliyokamuliwa. Nyuzi zilizolala zitasimama. Ngoja zikauke, uzikate kwa msasa namba 320, na ukipenda rudia mara nyingine. Hatua hii inachukua dakika chache na inafanya kazi kuliko chupa yoyote unayoweza kununua.

Unyevu, mpingo na pasi

Sasa kulaza nyuzi. Lowesha tena kwa sponji na usubiri mpaka ngozi, iliyokuwa imekoza, ianze kurudi kwenye rangi yake ya kawaida huku bado ikiwa baridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole. Ikiwa majimaji itakwaruzika na kukunjamana. Ikiwa kavu haitakubali kulala. Sugua kwa kitu kigumu na laini, kwa nguvu na kwa kasi, ukifuata matabaka. Mafundi wa nje hutumia mfupa au miti migumu ya kwao. Sisi tuna mpingo, mti mzito hata huzama majini, wenye uso usio na vinyweleo unapopigwa msasa vizuri. Vipande vinavyobaki kwa wachonga vinyago, pale Mwenge, Dar es Salaam, kwa mfano, vinatosha. Chonga kimoja kiwe bapa, kingine ukitie mfereji mpana unaokumbatia ukingo wa kisigino, uvisugue mpaka namba 600 na usivipake vanishi. Baada ya dakika mbili tatu utasikia mlio ukibadilika kutoka kukwaruza kuwa kuteleza, na ngozi inaanza kutoa mng'ao wa hudhurungi kabla ya nta hata chembe.

Acha kikauke chenyewe kivulini. Jua la saa saba mchana hukunja matabaka na kuyaachanisha.

Kama unataka rangi, ni wakati wake. Tumia wino wa kingo unaopenya, usio mzito, upake mara mbili nyembamba kwa kipande cha sponji au brashi ndogo. Kati ya mara ya kwanza na ya pili pitisha msasa namba 400 uliochakaa. Rangi nyeusi husamehe mengi. Hudhurungi isiyokoza husamehe kidogo, na kisigino kilichoachwa bila rangi ili matabaka yaonekane hakisamehi chochote, kwa hiyo usimwahidi mteja kabla hujakiona kimesuguliwa.

Pasi ya kisigino ni kipande kidogo cha chuma au shaba chenye mpini wa mbao, uso wake ukiwa na mbetuko mdogo wa kukaa ubavuni. Si rahisi kuipata madukani, lakini fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea ukimpa kiolezo, na ukikosa kabisa, mgongo wa kijiko kikubwa cha chuma kisichoshika kutu unafanya kazi vizuri kuliko unavyodhani. Ipashe kwenye taa ya spiriti. Koroboi na jiko la mafuta ya taa huacha masizi, na masizi yakiingia kwenye ngozi isiyotiwa rangi hayatoki.

Joto ndilo jambo la kuangalia kuliko yote hapa. Ngozi iliyosindikwa kwa magome, ikiwa imelowa, hujikunja na kukakamaa joto lake likifika kati ya nyuzi 70 na 85. Ikiwa kavu inastahimili zaidi. Kwa hiyo usipige pasi ya moto juu ya ngozi iliyolowa. Unyevu ni wa mpingo, joto ni la nta. Ijaribu pasi kwenye kipande cha nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Nta ikiyeyuka taratibu bila kutoa moshi, pasi iko tayari. Ikifuka moshi, iweke chini uhesabu pumzi kadhaa. Kisha ijaribu tena kwenye chakavu cha ngozi kavu: ikiacha alama nyeusi bado ni ya moto mno.

Paka nta kavu ubavuni kwa kuisugua kama chaki, pitisha pasi kwa mwendo mmoja usiosita, kutoka pembe moja ya kifua kuzunguka nyuma mpaka pembe ya pili. Ukisita, utaacha mstari. Utaona nta ikigeuka maji mbele ya pasi na kufunga nyuma yake kwa ukungu mweupe hafifu. Usiufute ukungu huo ukiwa wa moto. Ngoja kisigino kipoe kabisa, ndipo upige brashi ya manyoya ya farasi, halafu kitambaa cha pamba. Viatu rasmi huongezewa hatua ndogo: gurudumu la nakshi lenye meno madogo, lililopashwa moto kidogo, linaviringishwa pale juu kisigino kinapokutana na kiatu. Linaacha mstari wa vidoti na kufunga mwanya mdogo wa maungio. Ni pambo, lakini linaficha mengi.

Nta yako mwenyewe

Nta ya nyuki peke yake hunata kidogo katika joto la pwani na hukusanya vumbi. Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi, ni ngumu na huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Peke yake inavunjikavunjika. Zichanganye. Anza na mafungu matatu ya nta ya nyuki kwa fungu moja la kanauba, ongeza kanauba kidogo kama uko Tanga au Mombasa, punguza kama uko Mbeya. Nta ya nyuki utaipata kwa wafuga nyuki, na Tabora inajulikana kwayo. Kanauba uliza kwa wauzaji wa malighafi za vipodozi au za polishi za magari.

Yeyusha kwa sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe usiweke nta moja kwa moja juu ya moto. Maji yanayochemka yanatosha, hata Nairobi ambako huchemka kwenye takriban nyuzi 94. Kwa kisigino cheusi koroga masizi safi, mimina kwenye vijikopo, na ikipoa una vijiti vya nta vya miezi mingi. Ukitaka nta ya kupaka kwa kitambaa, ongeza tapentaini, lakini ondoa kwanza sufuria jikoni na uipeleke mbali na moto wowote.

Vumbi

Mafundi hulizoea vumbi mpaka wanaliona kama sehemu ya kazi. Mwaka 1970 madaktari wa Uingereza, Acheson na wenzake, walichapisha uchunguzi wao kuhusu saratani ya pua miongoni mwa watengenezaji viatu wa Northamptonshire, jimbo la viatu nchini humo. Waliopatwa walikuwa hasa wale wa vyumba vyenye vumbi, na chumba cha kumalizia viatu ni kimojawapo. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la ngozi kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana wazi kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi. Nunua ya aina ya N95 au FFP2, uibadilishe inapokuwa nzito kupumulia. Sugulia karibu na dirisha, feni ikiwa nyuma yako ikisukuma vumbi nje, isiwe mbele ikikurudishia usoni. Usifagie karakana kavukavu jioni. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa. Kwa mwenye mota, kisanduku cha mbao nyuma ya gurudumu kilichounganishwa na feni ya kuvuta na mfuko wa kitambaa mzito ni sehemu ya mashine, kisihesabiwe kuwa nyongeza. Na taa ya spiriti ikae meza yake, mbali na gundi, tapentaini na rundo la vumbi.

Ukifikia mota

Kwa jozi chache kwa wiki, mkono unatosha, na kazi ya mkono mara nyingi ni nzuri zaidi. Jozi zikiongezeka, mota inakuokoa mabega. Kinachoharibu hapa ni mwendo. Mota ya kawaida ya umeme wetu wa hezi 50 huzunguka ama karibu mara 1,400 ama karibu mara 2,800 kwa dakika, kutegemea ilivyosukwa. Soma kibati chake. Gurudumu la milimita 150 kwenye mota ya 1,400 lina mwendo wa kama mita 11 kwa sekunde ukingoni, na kwa kung'arisha huo unatosha sana. Kwenye mota ya 2,800 ni mita 22, na kosa dogo linaunguza. Wapo wanaotumia grenda ya mkononi, ile ya wachomeleaji. Diski yake ya milimita 115 ikizunguka mara 11,000 kwa dakika inafika mita 66 kwa sekunde. Inaunguza ngozi kabla hujaiona, inayeyusha gundi, na ikinasa ukingo inakunyang'anya kiatu. Ikae kwa mchomeleaji.

Shikilia kisigino kwenye robo ya chini ya gurudumu, pale linapokimbia likikuacha, usogeze bila kusimama. Gusisha kijiti cha nta kwenye gurudumu la kitambaa kwa sekunde moja mbili tu. Likijaa nta linapaka badala ya kung'arisha. Tenga gurudumu la nyeusi na la rangi nyingine, uyaandike kwa kalamu, kwa kuwa gurudumu lililogusa nyeusi mara moja haliwi tena la hudhurungi. Usivae glavu karibu na kinachozunguka, kunja mikono ya shati, funga nywele, na mwenye khanga au kitenge akibane vizuri kiunoni.

Mashine kamili ya kumalizia, yenye visu vya kuchongea, mikanda ya msasa, brashi na magurudumu kwenye mhimili mmoja, hupatikana iliyotumika, na nyingi zimetoka kwenye viwanda vya Ulaya vilivyofungwa. Kabla ya kununua nenda ukaione ya aina hiyo ikifanya kazi, kwenye kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inakofundishwa teknolojia ya ngozi, au kwenye kituo cha mafunzo ya viatu cha Thika. Ukifika kwa muuzaji, zungusha mhimili kwa mkono na usikilize beringi. Fungua sanduku la nyuma uone kama feni ya kuvuta vumbi ipo, maana wauzaji huing'oa na kuiuza peke yake. Uliza kama visu vya kisigino vinapatikana bado na vina umbo gani, kwa sababu kisu hukata umbo lake tu na huwezi kukibadilisha kwa tupa. Mwisho soma kibati cha mota: mashine nyingi za zamani zinataka umeme wa njia tatu, na ombi la kuunganishiwa njia tatu linafaa liwe limeshajibiwa kabla hujalipia lori.